Mshtakiwa akiachiwa huru ndio kusema hakufanya? Tujadili hukumu ya "haikuthibitishwa"

Wakuu habari zenu. Kila kesi kubwa ikiisha mshtakiwa akaachiwa, utasikia nusu ya watu wanasema "mahakama imemsafisha" na nusu wanasema "jaji kala hela", na mimi naona wote wanateleza palepale, hawajajiuliza mahakama ilipewa swali gani.

Kwenye jinai swali sio "huyu alifanya au hakufanya". Swali ni je, upande wa mashtaka umethibitisha pasipo kuacha shaka ya maana? Basi. Na kuthibitisha kwenyewe kwa makosa mengi kuna vipande viwili, kwanza tendo lenyewe na kwamba ni huyu aliyelitenda, pili nia ovu. Ukibeba mwavuli wa mtu ukidhani ni wako, tendo lipo lakini nia ya kuiba haipo, kwahiyo wizi hakuna hata kama mwenye mwavuli kalowa chapachapa. Kipande kimoja kikipwaya kesi imekufa, na hata jaji akiwa anahisi moyoni kuwa jamaa ndiye, inabidi amwachie.

Sasa hoja yangu. Uskoti kwa muda mrefu sana walikuwa na hukumu tatu: ana hatia, hana hatia, na ya tatu "haikuthibitishwa". Hiyo ya tatu nayo mtu anaenda zake nyumbani, hafungwi wala halipi faini. Mwaka 2025 bunge lao likapitisha sheria ya kuifuta. Tangu hapo nabishana na watu, wengi wanasema Waskoti wamekosea, ile ndio ilikuwa hukumu ya kweli kuliko zote na kila nchi ingetakiwa kuiiga. Mimi nakataa kabisa.

Nianze na kesi moja ya zamani. England mwaka 1935, kijana wa miaka 21 kibarua wa shambani anaitwa Woolmington, mkewe kamkimbia karudi kwa mama yake, kijana akamfuata na bunduki. Akasema alitaka tu kumwonyesha kwamba atajiua asiporudi, bunduki ikafyatuka yenyewe, mke akafa. Jaji akawaambia juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, kwamba mkishaona ni yeye aliyempiga, basi ni juu yake kuwaonyesha ilikuwa ajali. Akahukumiwa kunyongwa. Rufaa ikafika mpaka House of Lords, wakati ule ndio ilikuwa mahakama ya juu kabisa kule, na Lord Sankey aliyeongoza majaji akaifuta ile hukumu, akasema wajibu wa mashtaka kuthibitisha ni uzi wa dhahabu unaopita katika sheria yote ya jinai ya England. Angalieni, hakuna aliyesema kijana anasema kweli. Kile chumba walikuwa wawili tu na mmoja kafa. Walichosema ni kwamba mzigo aubebe anayeshtaki, kwa sababu ndiye mwenye polisi, maabara, wapelelezi na pesa, mshtakiwa ana mdomo wake na wakili kama kabahatika.

Ndio maana hukumu ya tatu naiona ni mlango wa nyuma. Umeshindwa kuthibitisha, sawa, lakini unamwekea mtu doa na kumwambia nenda nalo. "Hana hatia" tayari maana yake ni haijathibitishwa, sasa mbili za nini?

NYONGEZA: naona majibu yameanza, nijibu machache.

Kaka mmoja hapo chini anasema watu wanapona kwa sababu kiwango cha ushahidi kiko juu mno, kishushwe. Kaka, hicho cha chini kipo ila kipo kwenye madai, kule ukionyesha jambo lina uwezekano mkubwa kuliko kutokuwepo umeshinda. Kesi ya O.J. Simpson Marekani, yule mchezaji mpira maarufu aliyeshtakiwa kumuua mkewe wa zamani na rafiki wa huyo mke, 1995 juri ya jinai ikamwachia, 1997 kwenye madai kwa vifo vilevile akaonekana anawajibika, fidia yote pamoja dola milioni 33.5. Watu wanaona huo ni mkanganyiko, mimi naona ni maswali mawili tofauti yenye bei mbili tofauti. Pesa ukikosea unaweza kurudisha, miaka ya mtu ndani hairudi.

Dada mwingine ameuliza kwa uchungu kabisa, na muathirika je, si bora aambiwe "tumekusikia ila ushahidi haukutosha" kuliko kusikia "hana hatia" kama vile yeye ndiye muongo? Dada hapa nakuelewa na hili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Ila kule Uskoti watetezi wa waathirika wa ubakaji walikuwa mstari wa mbele kutaka ifutwe, maana iliwaacha hewani, kesi haijashinda haijashindwa. Na nikiri kitu, sheria hiyohiyo ilibadilisha na kura za juri, zamani kwa watu 15 kura 8 zilitosha kumtia mtu hatiani, sasa zinatakiwa theluthi mbili yaani 10, na wapo wanaohofia itakuwa ngumu zaidi kwa waathirika. Hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa yake ni upelelezi, ushahidi ukusanywe mapema, shahidi alindwe, sio kumtungia mtu hukumu ya nusu nusu.

Mwisho yule anayesema mtu msafi hawezi kuogopa hukumu ya tatu. Ndugu yangu, binamu yangu alikuwa mtunza stoo, vitu vikapotea, akashtakiwa kwa sababu ana ufunguo, na wenye ufunguo walikuwa wanne. Kesi imeenda karibu miaka miwili, akaachiwa. Leo hii bado kuna watu wakimuona wanashika mifuko yao, na huyo ana karatasi imeandikwa hana hatia. Sasa wewe unayetaka ya tatu niambie, yeye mngemwandikia ipi?