Acheni kutugeuzia maandishi kuwa picha, kisha mkatuambia tutumie programu

Nina malalamiko na sitayapamba. Mtu asiyeona anayetumia kompyuta bado analetewa mafaili ya PDF ambayo kisoma skrini chake, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, kikiyafungua hutangaza kwamba waraka ni mtupu, kisha kinanyamaza. Waraka wenyewe si mtupu hata kidogo: ndani mna tangazo la kazi, mkataba wa kupanga nyumba, majibu ya vipimo au fomu ya maombi yenye tarehe ya mwisho. Tatizo ni kwamba kila ukurasa ni picha ya karatasi, na kisoma skrini, kiwe NVDA, JAWS au kile kilichomo ndani ya simu, kimeundwa kusoma herufi zilizohifadhiwa kama herufi.

Kinachonipandisha hasira ni kwamba nyingi ya nyaraka hizo zilikuwa maandishi tangu mwanzo. Karani aliziandika kwenye kompyuta, akazichapa, mkubwa wake akatia saini, muhuri ukagongwa, karatasi ikapitishwa kwenye skana, na kilichotoka huko ndicho tunachotumiwa. Maandishi safi, ambayo ningeyasoma mara moja bila kumsumbua mtu, yameharibiwa ili saini moja ionekane, ilhali faili la awali bado limo kwenye kompyuta ile ile. Sina ugomvi na anayeskani rejista ya kale iliyoandikwa kwa mkono, au kitabu ambacho hakijawahi kuwepo kwenye kompyuta. Huyo anaokoa kitu. Ugomvi wangu ni na anayeichukua barua ya jana na kuifanya picha.

Nikilalamika, jibu huwa moja: tumia programu ya kutambua maandishi, ile inayogeuza picha ya maandishi kuwa herufi. Jamani, habari hiyo si mpya kwetu. Ray Kurzweil alizindua mashine yake ya kuwasomea wasioona maandishi yaliyochapwa mwaka 1976. Tesseract, programu ya aina hiyo iliyoanza kutengenezwa katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980, iliachiwa umma mwaka 2005 na ina faili la lugha ya Kiswahili. NVDA, kwenye Windows 10 au 11, huanza kutambua maandishi ukibonyeza kitufe chake pamoja na herufi R. Ninavitumia vyote hivyo, na ndiyo maana najua vinapogota. Amri hiyo ya NVDA hushughulikia kile tu kinachoonekana kwenye skrini wakati huo, kwa hiyo waraka mrefu unasomwa vipande vipande. Tesseract nayo isipoambiwa lugha huchukulia kwamba inasoma Kiingereza, na maneno yetu hutoka yamepindwa.

Neno lililopindwa nitalikisia kutokana na maneno ya jirani yake. Nikisikia r na n mahali palipostahili m, nasahihisha kichwani na kuendelea. Tarakimu haina jirani wa kuisahihisha. Tatu ikisomwa nane, sauti itaitamka nane hiyo kwa ufasaha na utulivu ule ule, nami sitakuwa na dalili yoyote kwamba namba ya akaunti, kiasi cha deni au tarehe niliyosikia si ile iliyoandikwa. Sufuri hugeuka herufi O, moja hugeuka herufi l, alama ya desimali hupotea kabisa. Muhuri nao, kwa desturi ya ajabu ambayo sijui ilianzia wapi, hugongwa juu ya tarehe au juu ya kiasi cha fedha, yaani mahali penyewe ambapo programu ilihitaji nafasi nyeupe. Majedwali hayafai hata kusimuliwa: mistari ya visanduku hupotea, na ninabaki na mrundo wa namba usioonyesha ipi ni ya nani. Ukurasa wenye safu mbili unaweza kusomwa moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia, nusu sentensi ya safu hii ikiungana na nusu ya ile.

Hayo ni kwa ukurasa ulioskaniwa vizuri, kwa nukta 300 kwa inchi kama inavyopendekezwa. Wengi hawafiki huko. Wanapiga picha kwa simu, karatasi imejikunja, kivuli cha mkono kimelala juu ya maandishi, kisha wanaibana picha hiyo hadi iwe nyepesi kwa sababu tovuti ya kupakia imeweka kikomo cha ukubwa wa faili.

Kuna hila nyingine inayoudhi kuliko zote. Baadhi ya skana huweka maandishi yaliyotambuliwa chini ya picha, yasionekane, ili waraka uweze kutafutwa maneno. Anayeona huona picha nzuri. Mimi husikia yale yaliyofichwa chini, ambayo hakuna aliyeyahakiki. Niliwahi kupeleka malalamiko kuhusu faili la namna hiyo, nikajibiwa kwamba mbona linasomeka vizuri. Linasomeka kwa macho! Anayetaka kujua ninachokisikia achague ukurasa mzima, anakili, abandike kwenye faili tupu, kisha asome kilichotoka.

Wapo pia wanaotushauri tumwombe mtu atusomee, au tupakie waraka kwenye tovuti za bure zinazogeuza picha kuwa maandishi. Hebu wafikirie wanachokisema. Hati ya mshahara wangu, majibu yangu ya maabara, barua yangu ya onyo kazini, vyote vipite kwa jirani au kwenye seva ya watu nisiowajua, kwa sababu mtumaji hakutaka kuambatisha faili ambalo tayari alikuwa nalo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataka, katika ibara ya 21, taarifa zinazokusudiwa umma zitolewe kwa miundo inayofikika, kwa wakati na bila gharama ya ziada. Kiwango cha kimataifa cha PDF inayofikika, ISO 14289, kipo tangu 2012. Hakuna asiyejua la kufanya kwa kukosa maelekezo.

Nilipoomba faili la awali, niliambiwa halitolewi kwa sababu mtu anaweza kulibadilisha. Picha nayo hubadilishwa, tena kwa programu zilizojaa kwenye kila simu, na zipo saini za kidijitali zinazofichua badiliko lolote bila kuhitaji karatasi. Hata hivyo, kwa kuwa hofu hiyo haiishi, natoa njia rahisi: watume mafaili mawili, lenye saini na muhuri libaki kuwa ushahidi, na la maandishi liwe la kusomwa. Wasipofanya hivyo, basi muda wa kuwasilisha maombi uhesabiwe kuanzia siku niliyopewa waraka ninaoweza kuusoma, maana hadi siku hiyo hawajanitumia kitu.