Wakuu, moyo unapiga kama mvua ya kwanza juu ya bati. Niache kukimbia?

Mkimbiaji_Sakina:
Habari za jioni wakuu. Mwanaume, miaka 44, niko Arusha. Nakimbia tangu 2009. Kili Marathon nimemaliza mara tisa, nne kati ya hizo kilomita 42 kamili. Sigara sivuti, presha sina, kilo 66. Wiki mbili zilizopita nimeambiwa nina AF, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga kwa mpangilio. Tangu hapo usingizi wa shida.

Ilianza Agosti mwaka jana. Nimerudi kutoka Ngaramtoni, mbio ndefu ya Jumapili, nimeoga, nimekula, nimejinyoosha kwenye kochi. Kifuani kitu kikaanza kurukaruka kama samaki kwenye ndoo. Nikajishika kifundo cha mkono: ta, tata, ta, kimya, tatata. Baada ya dakika arobaini kikatulia na sikumwambia mtu (wanaume tunajuana). Novemba ikarudi usiku. Kliniki ya kwanza wakasema ni mawazo na asidi tumboni, nikatoka na mfuko wa dawa za tumbo. Mara ya tatu ilinikuta njiani: saa inasoma 141, ghafla 203, miguu ikaisha nguvu, nikajikongoja hadi barabara ya lami. Safari hiyo nikapanda boda moja kwa moja hospitali huku moyo bado unaruka, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikaunasa.

Daktari kasema niache kukimbia maisha yote. Kaniandikia aspirini na kidonge cha kupunguza kasi ya moyo. Sasa mimi nikipumzika mapigo huwa 46. Na kidonge hiki yanashuka hadi 38, nikiinuka ghafla naona giza.

Kuna mkimbiaji aliyepitia hili humu? Ni kweli ndiyo basi? Na hiyo aspirini inatosha? Mke wangu ameshaficha raba.

Mangi_Mkorofi:
Pole sana mkuu. Mimi siku zote nasema, mtu kukimbia bila kufukuzwa ni kujitafutia. Twanga kitunguu saumu na tangawizi, kunywa asubuhi kabla ya chai. Baba mdogo alipona.

Dada_wa_Vipimo:
Mangi, kitunguu saumu weka kwenye mchuzi.

Kaka wa Sakina, nafanya kazi chumba cha vipimo vya moyo. Mimi si daktari wako, ila kuna swali moja linatangulia yote: umepigwa eko, yaani ultrasound ya moyo? Nauliza kwa sababu Ulaya mkimbiaji wa miaka 44 akipata AF wanawaza mazoezi, pombe, kukoroma. Huku kwetu lazima kwanza uangalie vali. Mtoto anaumwa mafindofindo, hatibiwi vizuri, anapata homa ya rumatiki, anakua na vali ya kushoto imebana na hajui. Nimeona vijana wa miaka 20 na kitu wenye AF ya namna hiyo, wengine walicheza mpira hadi sekondari.

Tofauti yake ni kubwa. Vali ikiwa imebana, lazima dawa ya kuzuia damu kuganda moyoni na kuleta kiharusi, na inayotumika ni warfarini, ile unayopimwa damu kila mara kuona kama INR, kipimo cha kuganda kwa damu, iko kati ya 2 na 3. Hivi vidonge vipya visivyohitaji kupimwa havishiki nafasi yake hapo. Utafiti mkubwa wa 2022 kwa wagonjwa wa AF wenye moyo wa rumatiki ulionyesha waliotumia dawa za kundi la warfarini walinusurika zaidi kuliko waliopewa rivaroksabani, kimoja cha hivyo vidonge vipya.

Kama vali ni nzima, wanahesabu alama zako za hatari ya kiharusi: moyo kushindwa kazi, presha, kisukari, kiharusi cha nyuma, ugonjwa wa mishipa, umri kuanzia 65. Kwa maelezo yako una sifuri, na mwenye sifuri kwa kawaida hapewi dawa ya kuzuia damu kuganda. Aspirini ndiyo inanishangaza. Kwa AF miongozo imeshaacha kuitegemea kuzuia kiharusi, maana kinga ni ndogo na kutoka damu kupo palepale. Muulize daktari kwa heshima kaiweka kwa sababu gani.

Omba na kipimo cha damu cha tezi ya shingoni. Ikifanya kazi kupita kiasi inaleta AF hii hii, na inatibika.

Mzee_wa_Ngong:
Nakusalimu kutoka Nairobi, ndugu. Mimi ni wa baiskeli, nina miaka 57. Yangu ilianza nikiwa 49, na hadithi ni ile yako: baada ya mazoezi, baada ya mlo, ama saa tisa usiku. Daktari wangu alinieleza kwamba kuna neva inayotuliza moyo, na kwetu sisi wa mazoezi marefu imezoea kuuvuta breki sana. Ndiyo sababu uko na mapigo 46. Mwili ukitulia kabisa, hapo ndipo chumba cha juu, ambacho miaka ya mazoezi imekipanua, kinapata nafasi ya kutetemeka.

Kwa hivyo hicho kidonge kwako kinaongeza breki kwenye gari lililosimama. Lakini usikikatize peke yako, kukiacha ghafla pia ni hatari. Rudi, mwambie "nafika 38 na naona giza", na uende na rekodi za saa yako.

Mimi niliambiwa nipunguze kabisa miezi mitatu. Nikapunguza, vipindi vikapungua ila havikuisha. Mwisho nikaenda India: wanapitisha waya kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, wanaunguza kuzunguka midomo ya mishipa inayotoka kwenye mapafu, maana cheche nyingi zinaanzia hapo. Nilirudia mara ya pili baada ya mwaka. Sasa naendesha, lakini nimeacha kushindana na vijana. Hiyo ya mwisho ndiyo iliuma. Kwa Tanzania anza kuulizia JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili.

Kijana_wa_Mpira:
Samahani, sijaelewa. Tunaambiwa mazoezi yanalinda moyo. Leo yanauharibu?

Dada_wa_Vipimo:
Yote mawili. Anayekaa kitako siku nzima ana hatari kuliko anayetembea na kukimbia kiasi. Ila ukipanda sana, miaka na miaka, AF inaanza kurudi juu, hasa kwa wanaume wa makamo. Sweden wana mashindano ya kuteleza kwenye theluji, Vasaloppet, kilomita 90. Waliwafuatilia zaidi ya watu 52,000 walioshiriki kati ya 1989 na 1998. Waliomaliza mara nyingi, na waliokuwa na kasi zaidi, walipata matatizo ya mdundo wa moyo takriban asilimia 30 zaidi ya wenzao. Lakini usiyachanganye na yale ya kuanguka uwanjani kama Marc-Vivien Foé, yule mchezaji wa Kameruni, 2003. Ule ulikuwa ugonjwa wa msuli wa moyo kunenepa, na ndiyo sababu nyingine ya kupiga eko.

Mama_Nembris:
Na pombe je? Hakuna aliyeuliza. Mume wangu vipindi vyake vilikuja kila baada ya sherehe. Na mbege ni pombe, msijidanganye.

Mkimbiaji_Sakina:
Mama Nembris umenishika. Jumapili baada ya mbio huwa bia tatu, nne. Ile ya Agosti pia.

Dada_wa_Vipimo:
Basi anza hapo, ni bure. Ukizimia mbioni, ukipata maumivu ya kifua, mdomo ukienda upande au mkono ukifa ganzi, hakuna kuandika huku. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mkimbiaji_Sakina:
Mrejesho, wiki ya tano. Nimeenda kwa daktari wa moyo mwenyewe. Eko: vali zote safi, msuli wa kawaida, chumba cha juu kushoto kimepanuka kidogo. Tezi iko sawa. Aspirini imeondolewa. Kile kidonge amekipunguza taratibu hadi kimeisha, kanipa kingine cha kumeza pale tu moyo unapoanza kuruka. Dozi ya kwanza nilimeza palepale hospitali wakiniangalia, na nimekatazwa mazoezi siku nikikimeza. Bia sifuri, sijui mpaka lini. Kukimbia: miezi mitatu mwendo wa kuweza kupiga hadithi, halafu tupime upya. "Maisha yote" hakuisema.

Kipindi kimetokea kimoja tu tangu hapo, dakika kumi na tano.

Kili mwaka huu niko kilomita 5, kule kwa watoto na watu wa baluni, na mke wangu kajiandikisha pembeni yangu. Raba amezitoa. Saa ndiyo kaificha.