Mjadala: Je, prosesa mpya zenye kasi zinafaa katika kompyuta nyembamba zisizo na feni?

Mtoa hoja, Kampemba, Lubumbashi

Wazee wangu, dada na kaka, ninaleta hoja hii kwa sababu kila unapokaribia mwaka wa masomo swali lile lile hurudi katika maduka ya katikati ya mji na katika korido za chuo kikuu. Mzazi aliyejikusanyia dola zake amnunulie mtoto kompyuta nyembamba isiyo na feni yenye prosesa (ule ubongo wa kompyuta unaofanya hesabu zake) ya kizazi kipya, au amchukulie ile nene ya miaka michache iliyopita, yenye feni na bei nafuu? Wako wanaosema kwamba kufungia prosesa ya kasi ndani ya bati lisilo na feni ni kutupa fedha, kwa kuwa kasi hiyo haitadumu. Wako pia wanaodai kwamba kompyuta za leo hazihitaji feni hata kidogo. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinachanganya mambo mawili, yaani upya wa prosesa na kasi yake ya kilele, na wauzaji hawana haraka ya kuyatenganisha, maana yakichanganywa bei hupanda kwa sababu mbili badala ya moja.

Tuanze na joto lenyewe. Karibu umeme wote ambao prosesa hutumia huishia kuwa joto, na kiasi cha joto hilo hufuata mwendo wa prosesa ukizidishwa kwa mraba wa volti zake. Kwa kuwa mwendo wa juu hudai volti za juu, mambo hayo mawili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, joto linalotokana na kazi hiyo hushuka kwa takriban asilimia 27. Ukiongeza vyote viwili kwa asilimia 20, joto hupanda kwa zaidi ya asilimia 70. Maana yake ni kwamba kipande cha mwisho cha kasi, kile kinachoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, ndicho cha gharama kubwa kuliko vyote kwa upande wa joto, na ndicho cha kwanza kukatwa mashine inapopata moto.

Sasa tuangalie bati jembamba linaweza kutoa joto kiasi gani bila msaada wa feni. Apple yenyewe, ilipotangaza prosesa ya M1 mwezi Novemba 2020, ilitaja wati 10 kuwa kipimo cha joto cha MacBook Air, kompyuta yake nyembamba isiyo na feni. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2015, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetoa MacBook ya inchi 12 isiyo na feni, yenye prosesa ya Intel Core M ya wati 4.5 iliyotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14 (namba ikiwa ndogo, vijenzi vya ndani ni vidogo na teknolojia ni mpya zaidi), na wengi waliilalamikia kwamba ni nzito katika kazi. M1 ilitengenezwa kwa nanomita 5. Bati halikuwa limegeuka sana katika miaka hiyo. Kilichogeuka ni kiasi cha kazi ambacho kila wati moja inaweza kufanya, na hiyo ndiyo faida ya upya ninayoitetea hapa.

Kuhusu kasi ya kilele, bahati nzuri tunao mfano ambao hauhitaji kubishaniwa sana. M1 hiyo hiyo iliwekwa mwaka huo huo katika MacBook Air isiyo na feni na katika MacBook Pro ya inchi 13 yenye feni. Katika kuandika, kusoma, kufungua kurasa za intaneti na kurekebisha picha chache, mtumiaji hakuona tofauti. Katika kazi ndefu ya video, Air ilipunguza mwendo baada ya dakika kadhaa, na Pro ikaendelea. Microsoft nayo ilikuwa imejibu swali letu kimyakimya mwaka 2019: kompyuta zake nyembamba za Surface Pro 7 zenye prosesa za Intel i3 na i5 ziliuzwa bila feni, na ile ya i7, prosesa ya kasi zaidi, ikawekewa feni. Mtengenezaji mwenyewe alijua mpaka uko wapi.

Kwa hiyo ninasema hivi: prosesa mpya inafaa sana katika kompyuta nyembamba isiyo na feni, ila kulipa zaidi ili kupata toleo la kasi zaidi la prosesa hiyo, ndani ya bati lile lile, kwa kawaida ni hasara. Nawakaribisha mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza, mhariri wa video, Katuba

Ndugu mtoa hoja, hesabu zako sina ugomvi nazo, lakini umeandika kama mtu anayeishi katika chumba chenye kiyoyozi. Mimi kazi yangu ni video za harusi. Sherehe ni Jumamosi, na familia inaanza kupiga simu Jumatatu asubuhi. Ninapotoa faili la mwisho la saa mbili, mashine inafanya kazi kwa nguvu zake zote kwa muda mrefu mfululizo, na hapo hakuna cha upya wala nini: bila feni, mwendo unashuka.

Zaidi ya hayo, watengenezaji hupima katika hali ya hewa yao. Katika maelezo ya MacBook Air imeandikwa kwamba mashine itumike katika hewa ya nyuzi 10 hadi 35. Mwezi Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mchana wetu hupita nyuzi 30 nje, na chini ya mabati yasiyo na dari chumba hupita 35 bila shida. Ongeza kwamba mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, mahali ambapo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 10, na hewa nyepesi hubeba joto pungufu. Kompyuta isiyo na feni inategemea hewa hiyo peke yake.

Nitawaeleza nilichokuwa nikifanya mwaka jana na kompyuta yangu nyembamba. Ukanda wa bati ulio juu ya kibodi, karibu na kioo, ulikuwa unachemka hadi kidole hakikai. Mstari wa kuonyesha maendeleo ya kazi, ambao mwanzoni ulikuwa unakimbia, ukaanza kujivuta. Nami nikaleta feni ya mezani, ile ya kumpepea mtoto, nikaielekeza kwenye kompyuta ambayo niliuziwa kwa sifa ya kutokuwa na feni. Mstari ukakimbia tena. Mtu akiona hayo atabaki na imani gani?

Mchangiaji wa pili, fundi wa kompyuta, katikati ya mji

Kaka wa Katuba amesema kweli kuhusu Oktoba, lakini amesahau miezi iliyoitangulia. Mimi huzifungua mashine zenye feni mwishoni mwa kiangazi. Unaondoa kifuniko, unafungua skrubu za feni, na kati ya feni na mapezi ya shaba, yale majani membamba ya kutolea joto, unakuta blanketi dogo jekundu la vumbi, limeshikamana hadi unaweza kulitoa kwa kibano kipande kizima. Feni inazunguka na kupiga kelele, hewa haipiti. Kompyuta ya namna hiyo iko katika hali mbaya kuliko isiyo na feni, kwa sababu aliyeibuni hakukusudia bati au plastiki yake itoe joto. Alitegemea njia moja tu, na njia hiyo imeziba. Isiyo na feni haina tundu la kumeza vumbi kwa nguvu, na mwaka wake wa tatu hupoa karibu sawa na siku ya kwanza.

(Kwa wanaopenda kujua, bomba linalobeba joto kutoka kwenye prosesa na mapezi hayo mara nyingi huwa ya shaba kwa sababu shaba hupitisha joto kuliko aluminiamu kwa zaidi ya mara moja na nusu. Sisi wa jimbo lililoitwa Shaba wakati wa Zaire tunaiuza kwa tani na kuinunua tena kwa gramu, imezibwa na udongo wetu wenyewe.)

Niongeze jambo moja ambalo wateja wameanza kuniomba. Wameona kwamba mtu anaweza kubandika vipande laini vya kupitisha joto kati ya prosesa na kifuniko cha chini, ili bati zima la chini lisaidie kupoza. Kweli kasi hudumu zaidi. Lakini joto hilo sasa liko chini, pale mapajani, na liko karibu na betri, na betri ya lithiamu inayoishi katika joto huzeeka upesi. Anayefanyia kazi mezani namwekea. Mwanafunzi anayeipakata kitandani ninamkatalia, hata akiongeza bei.

Mchangiaji wa tatu, mama mhasibu, Kamalondo

Wanangu, mnabishana juu ya joto kana kwamba umeme uko muda wote. Kwangu swali la kwanza ni nitafanya kazi saa ngapi umeme ukikatika. Betri ya wati-saa 50, mashine nzima ikitumia wastani wa wati 5, inanipa saa 10. Ikitumia wati 25, inanipa saa 2, na baada ya hapo ninaanza kumwomba jirani mwenye jenereta. Kompyuta isiyo na feni hulazimika kutumia umeme kidogo, la sivyo ingejichoma yenyewe, na udhaifu huo kwangu ni neema. Mwanangu ana ile nene ya michezo, chaja yake ni nzito kama tofali, na inveta yetu ndogo ya sola inalia kila anapoichomeka.

Ninachotaka kujua ni hiki. Wauzaji wananionyesha kompyuta za bei ndogo zenye prosesa ya Intel N100, ambayo wanasema ni ya wati 6 na haihitaji feni. Je, hiyo inatosha, au ninadanganywa kwa neno "mpya"? Yangu ya sasa ni ya zamani na imekataa Windows 11.

Mtoa hoja

Mama, shikamoo. N100 ni ya mwaka 2023, ina viini vinne (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja), na wati 6 ni kipimo chake cha kweli. Kwa daftari za hesabu, barua na intaneti inatosha, na inakubali Windows 11. Ile ya zamani imekataa kwa sababu, kwa upande wa Intel, mfumo huo hudai kwa ujumla prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hapo upya una faida hata pasipo kasi kubwa. Angalia tu memori isiwe ya GB 4, maana utateseka na lawama utampa prosesa asiye na kosa.

Lakini swali lako linanisukuma kueleza jambo ambalo nililipitia haraka. Kasi ya kilele si bure kabisa katika mashine isiyo na feni. Unapofungua daftari kubwa la hesabu, prosesa hupanda juu kwa sekunde mbili tatu, inamaliza, inarudi kupumzika. Bati halijapata hata nafasi ya kupata moto, kwani huchukua muda kama sufuria ya maji juu ya mbabula. Kazi nyingi za ofisini na za masomo ni za namna hiyo. Kazi ya kaka wa Katuba si ya namna hiyo, na sidhani kuna kizazi cha prosesa kitakachomwondolea haja ya feni, kwa sababu kila kizazi kinapoongeza uwezo, kamera nazo huongeza ukubwa wa video.

Kuhusu mwinuko na mabati, ninakubali kabisa kwamba wati 10 za kwenye tangazo si wati 10 za chumba cha Oktoba. Hilo linaipa nguvu hoja yangu: kadiri bati linavyoshindwa kutoa joto, ndivyo tofauti kati ya toleo la kawaida na toleo la kasi inavyozidi kupotea, kwa sababu zote mbili zinashushwa hadi kwenye mwendo unaovumilika. Anayeongeza dola kwa ajili ya prosesa ya juu katika bati hilo angeziweka kwenye memori, ambayo katika MacBook Air na nyingi za aina yake imefungwa moja kwa moja kwenye bodi au pamoja na prosesa na haiongezeki tena baada ya kununua.

Mchangiaji wa nne, mwanafunzi wa jiolojia

Yaya, sisi tunaochora miamba kwa vipimo vitatu tuko upande gani? Mwezi mzima naandika ripoti, halafu wiki moja programu inakokotoa usiku kucha.

Mtoa hoja

Mdogo wangu, kwa wiki hiyo moja tumia mashine za maabara ikiwa zinapatikana, au ukubali kukokotoa kwako kuchukue muda mrefu zaidi. Programu itafika mwisho tu, maana kushusha mwendo si kuharibika. Kama kukokotoa kungekuwa kazi yako ya kila wiki, ningekuambia ununue yenye feni, na uipeleke kwa fundi aisafishe kila kiangazi kinapoisha.

Na usinunue kwa kusoma boksi. Dukani mwombe muuzaji akuachie mashine dakika ishirini, uipe kazi nzito isiyokatika, kwa mfano kugeuza video ndefu kutoka umbo moja hadi jingine, na ufungue dirisha la mfumo linaloonyesha mwendo wa prosesa kwa gigahezi. Andika namba ya dakika ya kwanza na namba ya dakika ya ishirini. Ile ya pili ndiyo unayoilipia.

Mchangiaji wa kwanza

Kipimo hicho nakikubali, ila kifanye saa nane mchana, si asubuhi. Muuzaji akikuambia chaji imekwisha, rudi na chaja yako. Mimi feni yangu siiachi.