Naomba ushauri: programu ya C ilitoa jumla sahihi wiki nzima, sasa inatoa namba za ajabu

Wakuu, habari za jioni. Niko Masasi, Mtwara. Niliandika programu ndogo ya C ya kujumlisha uzito wa magunia ya korosho ya baba kabla hayajapelekwa ghalani. Nilitangaza int uzito[10], yaani arei (orodha) ya namba 10, na lupu (sehemu inayojirudia) ikaanzia i = 0 hadi i <= 10. Kwenye laptopu yangu jumla ilitoka sawa wiki nzima. Juzi nikaikompaili upya kwa gcc -O2 (kikompaila cha C kikiambiwa kiongeze kasi ya programu) kwenye mashine ya kaka, ikaja namba kubwa isiyoeleweka, na kila nikiiendesha inabadilika.

Kosa nimeshaliona: nafasi ya mwisho ni uzito[9], lupu yangu inafika uzito[10], na C haikagui mipaka. Kinachoniumiza ni ile wiki nzima. Ilikuwaje nikapata jibu sahihi huku nasoma kumbukumbu isiyo yangu? Baba alipanga hesabu zake kwa namba zile!

Nimejaribu -fsanitize=address (chaguo la gcc la kukagua matumizi ya kumbukumbu programu ikiendeshwa), ikanionyesha mstari wenyewe papo hapo. Je, niitegemee hiyo tu, au kuna makosa ya aina hii yanayoipita? Valgrind, zana nyingine ya kukagua kumbukumbu, nayo inafaa kwa arei kama hii? Aliyewahi kukutana na hili anieleweshe, tafadhali.