Mrejesho: Pikipiki iliyolala stoo miaka mingi sasa inawaka

Wakuu, niliuliza kuhusu pikipiki ya zamani ya baba: plagi mpya, petroli mpya, kiki inapiga vizuri, lakini cheche hakuna. Aliyenishauri nianze na platini (vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme na kuleta cheche) kabla ya kununua koili (inayokuza umeme wa kwenda kwenye plagi), Mungu akubariki.

Kwa macho platini zilionekana nzima. Nilipochomoa waya wake na kuzipima kwa mita zikiwa zimefunga, umeme haukupita kabisa. Nikazisugua kwa msasa laini, kisha nikavuta karatasi nyeupe katikati yake hadi ikatoka bila weusi. Hatua hiyo msiiruke, maana chembe za msasa zikibaki pale mwasho unasumbua upya. Mwanya kati yake zikiwa zimeachana kabisa nikauweka milimita 0.35.

Cheche ikaja, ila nyekundu na dhaifu, huku platini zenyewe zikirusha moto kila zinapoachana. Hapo nikajua kondensa, kile kifaa kinachozuia platini zisirushe moto, imekufa. Kufunga mpya tu, cheche ikawa ya bluu na mlio wake unasikika. Kofia ya plagi nayo ilikuwa na kutu ndani, nikabadilisha.

Inawaka kwa kiki ya kwanza! Ila injini ikishapata joto inakatakata. Nashuku koili, nitaipima ikiwa bado ya moto.