Mtoto kaandika "chura anazaa", mwalimu kamkosesha. Nani yuko sahihi?

Mama Zai wa Mgeta

Wanajamvi, habari za jioni. Naombeni mnisaidie kabla sijaenda shuleni kujiaibisha.

Binti yangu yuko darasa la tano. Kwenye jaribio la sayansi waliulizwa chura anazaliana vipi. Akaandika: "Anazaa. Nimeona." Kakoseshwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mwalimu kaandika "Acha hadithi." Mtoto kalia, lakini aliyekasirika zaidi ni bibi yake, kwa sababu shahidi wa pili ni yeye.

Ilikuwa hivi. Shamba la mama liko juu kabisa, limepakana na hifadhi ya msitu, sehemu ambayo saa nne asubuhi ukungu bado unadondoka kwenye majani kama mvua. Likizo ya Desemba Zai alikuta chura jioni kwenye jani la mgomba mwitu, usawa wa kiuno chake. Kadogo kweli, ukikaweka kwenye kifuniko cha soda kanaenea. Kahawia, mstari mweusi ubavuni, tumbo limetuna. Akakatia kwenye kopo tupu la mafuta ya mgando, akaweka na majani mabichi, akatoboa kifuniko kwa msumari.

Asubuhi kwenye kopo kulikuwa na vichura. Tulihesabu mara mbili: 14. Siyo viluwiluwi, jamani. Vichura kamili, miguu minne, kila kimoja kama punje ya mchele. Maji hakuna, labda ule unyevu wa majani. Mama akaamuru virudishwe palepale vilipotoka, na hakuna kunywa chai mpaka virudi.

Mume wangu anasema vilikuwa vimejificha kwenye majani tangu jana. Mimi ndiye niliyemwaga lile kopo mara ya kwanza kumwonyesha jirani usiku uleule, na alikuwemo chura mmoja tu. Naomba kuwasilisha.

Mkufunzi Mstaafu

Mama Zai, mwambie binti aliona vizuri, na mwambie mumeo aombe radhi.

Huyo kwa ukubwa na mahali mlipo ni wa jenasi (kundi la aina zenye undugu wa karibu) inayoitwa Nectophrynoides. Ni ukoo mmoja na yule chura mkubwa wa uani anayekaa chini ya taa kula kumbikumbi, ila hawa wamejichagulia maisha mengine. Wanapatikana Tanzania tu, milimani, na wanazaa watoto hai. Wala si habari mpya: Mjerumani Gustav Tornier alimwandika mmoja wao, akamwita kabisa "mwenye kuzaa", mwaka 1905.

Chura wa kawaida dume humkumbatia jike majini, jike anatoa mayai, dume anayamwagia mbegu yakiwa nje. Hawa mbegu zinaingia ndani. Yai lina kiini cha kutosha, mtoto anakula hicho na kupita hatua zote za ukiluwiluwi humohumo tumboni mwa mama. Anatoka akiwa na miguu. Fikiria mteremko wa huko kwenu: dimbwi litatuama wapi? Ukitaga kijitoni, mvua moja tu mayai yako yapo Ruvu. Lakini mawingu yanayopanda kutoka Bahari ya Hindi yanalowesha majani karibu mwaka mzima, kwa hiyo mama anatembea na dimbwi lake tumboni.

Na kwa sababu hawawezi kushuka kuvuka joto la bondeni, kila mlima una wa kwake. Uluguru, Udzungwa, Usambara, Ukaguru, wengi wao tofauti, ingawa wachache wapo kwenye zaidi ya mlima mmoja. Kwenu Uluguru kuna mmoja wa sentimita 2 hivi, Nectophrynoides minutus, alipewa jina mwaka 1972.

Ila mwalimu naye tumtendee haki. Chura walio wengi wanataga, na kitabu chake kinasema hivyo. Kosa lake ni lile neno "hadithi".

Fundi Bomba

Nathibitisha, mimi nimewaona wakiwa na mimba. Nilikuwa kibarua wa mabomba kule Kihansi, korongo lenye maporomoko kwenye milima ya Udzungwa. Wale wa kwetu ni wa njano, jike hafiki sentimita 3, na ngozi ya tumbo ni nyembamba mpaka watoto unawaona kama vitu ndani ya mfuko wa nailoni.

Waligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme umeshaanza. Walikuwa wanaishi kwenye rasharasha za maporomoko tu, eneo dogo ambalo ungelizunguka kabla sigara haijaisha. Maji yalipopelekwa kwenye mitambo, rasharasha zikakata. Ndiyo yakaja mabomba yetu, kunyunyizia ukungu wa bandia. Kazi ya ajabu: unapanda korongo na spana kufungua tundu lililoziba ili chura aoge. Wenzangu walicheka sana. Mwaka 2003 idadi ikaporomoka ghafla, kuvu wa ngozi akiwa mmoja wa watuhumiwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini hawapo tena. Bahati nzuri mwaka 2000 walishachukuliwa 499 kwenda kulelewa Marekani. Vitukuu vyao ndivyo vilivyorudi, 100 wa kwanza mwaka 2010 wakafikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Hongera kwa huyo bibi. Angekuwa bosi wetu.

Mpagazi

Mimi nabebea mizigo watafiti huko milimani. Hawa chura mchana huwaoni, usiku ndiyo wanapanda majani, ukiwa na tochi na subira. Tukitoka mlima mmoja kwenda mwingine, buti zinasuguliwa na kutiwa dawa, kwa sababu ya huyohuyo kuvu aliyetajwa na Fundi. Kwa hiyo mdogo wetu Zai, kopo basi. Atazame kwa macho, achore, aandike tarehe. Kumbeba chura aliye karibu kuzaa ni kumsumbua, na hapo alizaa pengine kwa mshtuko.

Pembeni kidogo: Ukaguru kuna ndugu yao ambaye jina lake la kisayansi ni Kiswahili kitupu, Churamiti maridadi, tangu 2002. Huyo mwalimu akibisha mtajie hilo jina kwanza, acheke, halafu ndiyo uanze maelezo.

Mama Zai wa Mgeta

Nimerudi. Nilienda leo asubuhi, nimevaa kanga ya heshima, nikaanza na Churamiti kama Mpagazi alivyoshauri. Kweli alicheka. Maelezo ya Mkufunzi nilikuwa nimeyanakili kwenye daftari, akayasoma yote amesimama mlangoni, akauliza "hapahapa Uluguru?" mara tatu. Kisha akamwita Zai, akafuta lile neno, akampa nusu alama, kwamba nusu inabaki kwa sababu ya wale wanaotaga.

Mimi nimeridhika. Mama hajaridhika. Kesho anashuka mwenyewe kuifuata ile nusu.