Bodi imenipita bila kuona ripoti yangu ya mwisho: rufaa ianzie wapi?

Kapteni wa Ugavi aliuliza:

Salamu kwenu maafande, mlio kazini na mliostaafu. Mimi ni kapteni katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, na bodi ya kupandisha vyeo imenipita kwa mara ya kwanza nilipokuwa nafikiriwa kuwa meja. Kwa kuwa majadiliano ya bodi hizo ni siri kisheria, hakuna aliyenieleza sababu, lakini nilipolipitia jalada langu kama lilivyosomwa na bodi nilikuta kasoro mbili. Kwanza, ripoti yangu ya mwisho ya tathmini, iliyo bora kuliko zote nilizowahi kupata, haikuwamo, ingawa wakadiriaji wote walikuwa wameshaitia saini. Pili, ripoti iliyoitangulia ina sentensi inayonihusisha na upotevu wa vifaa, ilhali uchunguzi uliokamilika baadaye ulionyesha kwamba sikuhusika. Kuhusu ripoti iliyokosekana, nilimwandikia karani wa utumishi wa kikosi kabla bodi haijaketi, naye akanijibu kwamba inashughulikiwa. Barua pepe hizo ninazo.

Mwenzangu ananishauri nijaze Fomu DD 149 na kupeleka malalamiko yote mawili kwenye Bodi ya Marekebisho ya Kumbukumbu za Kijeshi. Je, ni sahihi kuanzia huko?

Mstaafu wa Utumishi alijibu:

Afande, huko ni mwisho wa njia ya kiutawala. Bodi hiyo ya raia hufanya kazi kwa niaba ya waziri wa jeshi husika chini ya kifungu cha 1552, Kitabu cha 10 cha Sheria za Marekani, nayo humtaka mwombaji awe amekwisha kupita ngazi za chini zilizopo. Ombi lililoruka ngazi hurudishwa bila kusikilizwa, na miezi huwa imekwenda bure. (Bodi hizi zilitokana na sheria ya mwaka 1946, Bunge lilipochoka kupitisha miswada ya mtu mmoja mmoja kwa ajili ya askari waliotaka kumbukumbu zao zisahihishwe.)

Hayo malalamiko yako mawili ni kesi mbili, usiyachanganye. Sentensi ya vifaa hukatiwa rufaa kwa kanuni za jeshi kuhusu ripoti za tathmini, ndani ya miaka 3 tangu tarehe ya mwisho ya kipindi kinachotathminiwa. Hapo ripoti huchukuliwa kuwa sahihi mpaka uiangushe kwa ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi. Matokeo ya uchunguzi ndiyo silaha yako, na ukipata tamko la aliyekukadiria, akikiri kwamba asingeandika hivyo kama angejua matokeo hayo, utakuwa umefika mbali. Barua za marafiki wanaokusifu hazina uzito huo, hata zikiwa nyingi.

Ripoti iliyokosekana huombewa bodi maalumu ya uteuzi chini ya kifungu cha 628. Bodi hiyo hulisoma jalada lako kama lingeonekana mbele ya bodi ya awali lingekuwa sahihi, kisha hulilinganisha na sampuli ya majalada ya maafisa waliochaguliwa na wasiochaguliwa wakati ule. Ukichaguliwa, tarehe ya cheo hurudishwa pale ambapo ingekuwa, pamoja na malimbikizo ya mshahara.

Wakili Aliyewahi Kuvaa Gwanda alijibu:

Nakubaliana na Mstaafu, ila suala la bidii ya afisa mwenyewe naliona zito kuliko yote, nalo hakuligusa. Kanuni za Wizara ya Ulinzi zinamnyima bodi maalumu afisa ambaye, kwa uangalifu wa kawaida, angeweza kuigundua kasoro na kuirekebisha kabla bodi haijaketi. Maombi mengi yenye kasoro ya kweli kabisa huangukia hapo. Kwa hiyo barua pepe zako kwa karani ziwe kiambatisho cha kwanza, na maelezo yako yaanze na tarehe uliyouliza na jibu ulilopewa, kabla hujasema lolote kuhusu ubora wa ripoti yenyewe.

Nina swali. Tangazo la bodi huweka tarehe ya mwisho ya makao makuu kupokea ripoti za tathmini. Yako ilifika kabla ya tarehe hiyo, au ilikwama kikosini? Kama ilikwama, makao makuu yanaweza kujibu kwamba upande wao hapakuwa na kosa. Hapo ndipo Fomu DD 149 inapokuwa na maana, kwa kuwa kifungu cha 1552 kinairuhusu bodi kusahihisha kosa na pia kuondoa dhuluma. Afisa aliyetimiza wajibu wake na kuponzwa na uzembe wa mwingine ana hoja nzuri ya dhuluma, hata kama makao makuu hayakukosea.

Kapteni wa Ugavi aliandika:

Nawashukuru sana. Mfumo unaonyesha kwamba ripoti ilitumwa kabla ya tarehe ya mwisho, lakini ikarudishwa kikosini kwa sababu ya kasoro kwenye tarehe ya saini moja, wala mimi sikuarifiwa. Jambo lingine linanisumbua: bodi ya pili inakaribia. Je, itasubiri rufaa yangu iamuliwe?

Wakili Aliyewahi Kuvaa Gwanda alijibu:

Haitasubiri, na hilo ndilo la kukunyima usingizi zaidi ya yote. Kapteni aliyepitwa mara mbili huweza kuachishwa kazi kabla au ifikapo siku ya kwanza ya mwezi wa saba baada ya mwezi ambao ripoti ya bodi ya pili imeidhinishwa, isipokuwa ateuliwe kuendelea au awe amebakiza muda usiozidi miaka 2 kufikia sifa ya kustaafu. Kwa upande mwingine, sheria inazitaka bodi za marekebisho zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na kikomo cha kawaida ni miezi 18. Linganisha kalenda hizo mbili na utaona kwa nini usitegemee rufaa peke yake.

Hakikisha ripoti nzuri imeingia jaladani sasa, kisha tumia haki yako chini ya kifungu cha 614 ya kuiandikia bodi ya pili barua. Iwe fupi: eleza kwamba ripoti haikuwamo mara ya kwanza na uambatishe matokeo ya uchunguzi. Usimlaumu mtu.

Mstaafu wa Utumishi alijibu:

Niongeze kuhusu mahakama, maana nimeona watu wakiikimbilia mapema. Kifungu hichohicho cha 628 kinaizuia mahakama kusikiliza dai la kupitwa cheo kabla waziri hajalipeleka kwenye bodi maalumu au hajalikataa. Hata baada ya hapo, jaji huangalia tu kama uamuzi ulikuwa wa kiholela, ulikosa ushahidi wa kutosha au ulikiuka sheria. Hawezi kukuvika umeja, kwani cheo hicho hutolewa na Rais kwa ridhaa ya Seneti. Pia, bodi ya marekebisho ikikukatalia, unaweza kuomba ifikirie upya wakati wowote, mradi ulete ushahidi ambao haikuwahi kuuona.

Ile taarifa ya ripoti kurudishwa kikosini, ichapishe leo ikiwa na tarehe yake, na umwombe karani akuandikie tamko kabla hajahamishwa. Akishaondoka, atakayekalia kiti chake ataweza tu kukuambia kwamba hayo yalitokea kabla yake.